Kabati la Komanda na Kioo cha Mama Spès

Mwalimu Cyprien Kashindi anastaafu tarehe 30 Juni 1966, baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na miwili, ishirini na saba kati yake hapa shuleni kwetu mlimani. Tarehe hiyo imempendeza. Anasema nchi ilipata uhuru wake siku kama hiyo na hakuna aliyeuliza kama ilikuwa imemaliza kusahihisha mitihani, kwa hiyo naye asiulizwe.

Alianza kazi Septemba 1934, akifundisha watoto kusoma na kuhesabu. Mwaka 1939 aliletwa hapa kusaidia darasa la fizikia, na somo lililomshika moyo tangu siku ya kwanza ni nuru: inavyokwenda, inavyorudi ikigonga kitu, inavyopinda ikiingia majini. Shule haikuwa na kioo. Akaenda nyumbani Rugenge, akamwomba mkewe, Mama Spès, kioo chake cha arusi, kioo kidogo chenye ukubwa wa kitabu cha katekisimu. Alimwahidi kukirudisha jioni ile ile. Wasomaji wakumbuke ahadi hiyo, maana Mama Spès hajaisahau.

Kwa wale ambao hawakupita mikononi mwake, tueleze kidogo alichofundisha, kwa kuwa bila hicho maisha yake hayaelezeki. Nuru husafiri kwa mstari ulionyooka. Ikigonga kioo hurudi, na hurudi kwa pembe ile ile iliyokuja nayo, kama mpira unaodunda ukutani. Lakini ikitoka majini kuja hewani, hupinda njiani. Ndiyo maana fimbo iliyoinamishwa ndani ya maji huonekana imevunjika, na ziwa likiwa safi huonekana na kina kilichopungua kwa robo nzima, na zaidi ukitazama kwa mshazari.

Robo hiyo na ziada yake ilimgharimu inspekta mmoja suruali nzuri. Ilikuwa mwaka 1952. Inspekta alikuja kwa mtumbwi, akatazama majini kwa mshazari, akaona mawe karibu sana, akaamua kushuka mwenyewe. Mwalimu Cyprien alikuwa ukingoni na wanafunzi wake thelathini. Aliinua mkono kumwonya, lakini akakumbuka kwamba mkubwa hakatizwi. Inspekta alishuka akitegemea maji ya magotini, akayapata ya kifuani. Ripoti yake ilisema kwamba mwalimu ana bidii na kwamba vielelezo vyake ni vya wazi.

Mwaka uliofuata alikwenda kuwaeleza wavuvi jinsi nuru inavyopinda. Alichora kwenye mchanga kwa muda mrefu. Mzee Mathieu, mvuvi wa mkuki, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia: "Weye, mwalimu, ile tunajua tangu zamani. Samaki haiko pale inajionyesha. Unapiga chini yake." Mwalimu Cyprien alivua kofia. Tangu siku ile aliita kanuni hiyo "sheria ya Baba Mathieu", na mwaka mmoja watahiniwa wetu kumi na wanne waliiandika hivyo kwenye mtihani. Wasahihishaji walituandikia barua wakiuliza huyo mwanasayansi alizaliwa wapi. Tulijibu kwamba alizaliwa hapa Uvira, na kwamba bado anavua.

Uhuru ulipofika, profesa wa sayansi aliyekuwa mkuu wake aliondoka kwa haraka, na lenzi zote za shule ziliondoka pamoja naye ndani ya sanduku. Kwenye kabati la maabara zilibaki chupa tupu tatu na orodha ndefu ya vitu ambavyo havikuwepo. Mwalimu Cyprien akaendelea kwa glasi ya maji, kigae cha chupa na kioo cha Mama Spès. Katika somo la kwanza la mwaka ule, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, hii sheria ya kioo si ni ya wazungu? Haijafutwa?" Jibu lake bado linarudiwa mjini: "Ya hii, hata bunge haiweze kufuta. Kaa chini, chora pembe."

Sasa tufike mwaka 1964, kwenye jambo ambalo wengi wenu mlisikia vipande vipande tu.

Waasi walikuwa wameshika mji tangu Mei. Komanda aliyepewa upande wetu alikaa mtaa wa Kimanga, katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekuwa amekimbia. Mwezi wa Julai walinzi wake wa ufukweni walianza kuona kitu. Kila asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo juu ya milima ya ng'ambo, wakigeuka kutazama mjini waliona nuru kali ikiwaka na kuzimika, ikiruka kutoka ufukweni hadi kwenye mitumbwi na kurudi. Nyuma ya nuru hiyo, juu kabisa, ilionekana shule yetu. Na ndani ya shule kulikuwa na mtu ambaye mji mzima ulijua kwamba anacheza na vioo.

Walikuja kumchukua katikati ya somo. Mlinzi aliyemshitaki, mtu mzima aitwaye Déogratias, alikikuta kioo mezani, akakiinua juu kama mtu aliyekamata nyoka. "Minye niliona na macho yangu! Inawaka, inazimika, inawaka. Anaitia ndege za vita!" Wiki ile ile watu wawili wa mtaa wa Nyamianda walikuwa wameitwa kuulizwa mambo kama hayo, na familia zao zilikuwa bado zinangoja. Kwa hiyo hakuna aliyecheka, na Mwalimu Cyprien akapelekwa kwa Komanda. Mama Spès, alipopelekewa habari, alifika mbio hadi mbele ya Komanda, na maneno yake ya kwanza kwa mumewe yalikuwa haya: "Nilikuambia urudishe kioo yangu!"

Mwalimu Cyprien hakubishana. Aliomba jambo moja tu: Komanda akitie kioo ndani ya gunia, alale nacho, na asubuhi waende wote ufukweni, kila mtu akiwa na macho yake. Komanda, ambaye hakuwa mjinga, alikubali. Alimwambia pia kwamba ikiwaka au isiwake, kabla ya saa sita jambo hili litakuwa limekwisha, na kila mtu alielewa litakwisha namna gani.

Asubuhi wakasimama mahali pale pale aliposimama Déogratias. Komanda alikuwa ameshika gunia kifuani. Jua likapanda. Nuru ikawaka.

Mtu angefikiri hapo kesi imekwisha. Komanda alitazama gunia, akatazama nuru, akafikiri, akasema: "Basi uko na mwenzako." Na kwa kuwa wenzake Mwalimu Cyprien walikuwa sisi, walimu kumi na mmoja wa shule hii, wasomaji waelewe kwamba tangu dakika ile somo la nuru lilituhusu sote.

Mwalimu Cyprien aliomba kamba ndefu ya nyavu na vijiti viwili. Alichomeka kijiti cha kwanza mbele ya miguu ya Déogratias. Cha pili alikichomeka hatua thelathini mbele, akikisogeza kushoto na kulia hadi Déogratias alipopaza sauti kwamba kijiti kimeikata nuru katikati. Nuru ikienda kwa mstari ulionyooka, vijiti viwili vinatosha kuonyesha ilikotoka. Mstari huo ulielekea shuleni, kweli. Lakini kabla ya kufika shuleni, ulipita juu ya mambo mengi.

Alipoinama nyuma ya kijiti cha pili na kutazama, alijua. Ametuambia mwenyewe kwamba kwanza alihesabu bunduki. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na ni jibu ambalo mtu mwenye akili halisemi kwa kinywa chake mbele ya bunduki nane. Hivyo akaifunga kamba kwenye vijiti, akampa Komanda mwisho wake, akasema kwa adabu: "Komanda, kamba iko sawa. Kuifuata, ile ni kazi ya wakubwa."

Komanda akaifuata. Nyuma yake walikuja walinzi wanane, Mwalimu Cyprien, Mama Spès na sehemu nzuri ya wakazi wa Kimanga. Kamba ikivutwa sawasawa, walivuka barabara, wakapita shamba la mihogo, wakapanda mteremko, wakaruka ua wa matete. Komanda alikuwa wa kwanza kuruka. Alitua na bastola mkononi, akajikuta ana kwa ana na mtu mwenye bastola mkononi, amevaa kofia kama yake, naye ameshtuka vile vile.

Alikuwa ndani ya lupango yake mwenyewe, yaani ua wa nyumba yake, mbele ya kabati lake mwenyewe.

Hapa lazima tueleze habari za kabati hilo. Lilikuwa kabati la nguo la mbao nyekundu, la yule mfanyabiashara, lenye kioo kirefu mlangoni, kirefu kama mtu. Komanda alilipenda kuliko vitu vyote alivyovikuta. Alitaka kulihamishia chumba chake, wakalitoa nje kwa shida, kisha likakataa kupita kwenye mlango wa pili. Likabaki uani chini ya mabati, limelazwa kidogo kuelekea nyuma kwa matofali ili lisianguke, kioo kikitazama ziwa. Kila asubuhi, Komanda akiwa tayari ameondoka kukagua bandari, mpishi wake, Mama Léocadie, alifungua kabati kupigisha mashati yake upepo. Na upepo wa ziwa ulikuwa ukiuchezesha mlango.

Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo Mwalimu Cyprien amelifundisha miaka yote, na ambalo wanafunzi husahau miaka yote: ukigeuza kioo kidogo, nuru inayorudi hugeuka mara mbili ya hapo. Mlango ukisogea upana wa kidole, nuru huko mbali ufukweni huruka nyumba nzima. Ndiyo maana walinzi waliona kitu chenye haraka na hila. Kumbe ni mashati.

Mama Léocadie, ambaye hakujua lolote, alikuwa na shati begani. Alimtazama bwana wake na lile jeshi lililokuwa likipanda ua. "Komanda, leo unarukia lupango yako kama mwizi? Mulango iko pale."

Kundi la Kimanga lilikohoa kwa pamoja. Komanda aliirudisha bastola. Alijitazama kiooni, akanyoosha kofia, na bila kugeuka akauliza: "Mwalimu. Kosa iko ya nani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kufa au kupona, hata zaidi ya ufukweni. Akimtaja Komanda, amekwisha. Akimtaja Mama Léocadie, mwanamke asiye na hatia amekwisha. Fizikia ilikuwa imemaliza kazi yake na haikuwa na la kuongeza. Mwalimu Cyprien akanyoosha kidole juu ya ziwa. "Kosa iko ya jua, Komanda. Inavuka toka ng'ambo kila asubuhi bila karatasi."

Wanasema Komanda alicheka hadi akaegemea kabati, na nuru ikaruka hadi Burundi. Kisha, kwa kuwa amri ni lazima itolewe, aliamuru kabati likamatwe. Liligeuzwa kutazama ukuta, likafunikwa blanketi, na Déogratias akawekwa kulilinda. Kioo cha Mama Spès kilitolewa ndani ya gunia, naye alinyoosha mkono kukipokea, lakini Komanda alimpa Mwalimu Cyprien. Alikuwa ameamua kwamba walinzi wote wafundishwe mambo ya nuru kuanzia siku ile, alasiri.

Hivyo kwa majuma kadhaa Mwalimu Cyprien alifundisha darasa la pekee katika historia yake, la wanafunzi wanaoingia na bunduki. Kila mmoja alipata alama zaidi ya nusu. Mwalimu ni mkali, lakini anajua kusoma mazingira ya darasa.

Mwezi wa Oktoba waasi waliondoka. Mfanyabiashara aliporudi mwaka jana, alisema hataki kabati lililowahi kuwa kifungoni, akatupatia sisi. Déogratias alikuja langoni kwetu kuomba kazi, na Mwalimu Cyprien ndiye aliyemsemea kwa mkuu wa shule. Leo ni mlinzi wa lango letu, na bado hutuletea taarifa ya kila kinachong'aa: mabati mapya, sufuria, hata kipara cha mwalimu wa hesabu. Mwalimu Cyprien humpokea kila mara, humsikiliza, na kumwomba achore pembe.

Hatuna medali ya kumpa. Anaacha wanafunzi zaidi ya elfu moja wanaojua kwamba kabla ya kumnyooshea mtu kidole inafaa kwanza kuchomeka vijiti viwili, na sisi kumi na mmoja tunaokula chakula cha mchana kila siku kwa sababu yeye alijua lini aseme na lini ampe mwingine kamba. Kwa hayo tunamshukuru, na tunashukuru bila mzaha.

Kioo kidogo cha arusi hakiwezi kurudi nyumbani. Kimekwisha andikwa kwenye orodha ya mali ya shule, na mkuu wa shule amesema yaliyoandikwa yameandikwa. Lakini walimu tumekubaliana. Mchwa wamekula mbao zote za lile kabati isipokuwa mlango wake, na mlango huo, pamoja na kioo chake chote, ni wa Mama Spès, baada ya miaka ishirini na saba ya kungoja jioni ile ile.

Sherehe ikimalizika, mlango utateremshwa hadi Rugenge kichwani mwa Déogratias, ambaye ameomba mwenyewe kuubeba. Mwalimu Cyprien ametoa sharti moja: ufunikwe blanketi hadi uingie ndani ya nyumba.

Mwalimu Cyprien, Mama Spès, kaeni kwa amani na mjitazame mzeeke pamoja polepole. Tunawatakia asubuhi nyingi njema, jua likiendelea kuvuka bila karatasi.