Sidii Isiyouliza

Dada wa kayamba, keti tu, mimi sitaimba. Nikiimba leo nitalia, na nikilia hamtasikia kitu. Bwana asifiwe, watu wa Kangemi. Nimekaa kiti cha nyuma muda mrefu, na najua mmekuwa mkiulizana huyu mama wa kompyuta ana nini siku hizi. Leo nasema.

Mnanijua ni fundi, nina meza yangu mjini, ghorofa ya pili, karibu na dirisha. Hilo dirisha ndilo lililonimaliza. Chini yake kuna mti wa jakaranda, na ukichanua, aki, kazi haifanyiki. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kuota mchana. Mama alikuwa akinituma maji, halafu ananikuta mtoni nimesimama na debe tupu, naangalia maji yakienda.

Sasa mtu kama huyo mpe kazi ya kuweka mfumo upya kwenye kompyuta za watu. Miaka ile wateja walikuja na sidii zao za kupandishia mfumo, kutoka wa zamani hadi mpya. Sidii hizo zilikuwa na maringo! Kabla sidii yenyewe haijaanza inataka uionyeshe sidii ya mfumo wa zamani, kama askari wa geti anayetaka kitambulisho. Ukiionyesha, maswali yanaanza. Lugha gani? Saa za nchi gani? Nifute vilivyomo? Una hakika? Unabonyeza, unangoja, unabonyeza tena. Huwezi hata kuota vizuri.

Basi nikatengeneza sidii yangu moja. Ndani yake nikaweka ule ushahidi wa mfumo wa zamani, na majibu ya maswali yote nikayaandika mapema. Unaitumbukiza, unawasha, unaondoka. Siku ya kwanza niliweka kompyuta tano kwa mstari, zikawa zinanguruma polepole pamoja, ule mstari wa buluu unaoonyesha kazi imefika wapi ukijaa kwenye vioo vyote, na mimi nimeegemea dirisha niko kwetu mtoni. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na raha!

Lakini raha ilinitoa kwenye desturi. Zamani mteja akifika nilimuuliza kwanza, vitu vyako umevitoa? Picha, barua, kila kitu? Taratibu nikaacha kuuliza.

Akaja shosho mmoja, nyanya mjane, kutoka upande wa Adams Arcade. Akaniambia, "Mwanangu, hii inapiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi. Nitolee tu vumbi." Akashika kisanduku cha kompyuta yake kwa mikono miwili. "Humu mna mzee wangu. Kabla hajaenda aliwarekodia wajukuu hadithi, kwa lugha yetu. Mimi huzisikiliza nikichambua mboga."

Vumbi tu, jamani. Nikamwambia arudi jioni. Nikapangusa, nikaiweka mezani kwa mstari na zingine, na mkono wangu, huu huu, ukatumbukiza sidii kwa mazoea. Nikageukia dirisha. Maua yalikuwa yakianguka, sijui nilikaa muda gani. Nilipogeuka, mstari wa buluu ulikuwa umejaa. Kompyuta ilikuwa imeuliza, nifute? Una hakika? Na mimi nilikuwa nimeshajibu ndiyo miezi mitatu kabla shosho yule hajapanda ngazi zangu.

Shosho akarudi. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia diski ilikuwa imeoza ndani, ikafa yenyewe, nimemwekea nyingine bila malipo. Kisha akanishika mkono, akasema, "Pole, mwanangu. Umejaribu. Nitakuombea." Kanipa pole mimi!

Ile diski yake niliyoitoa nilishindwa kuitupa. Niliifunga kwa leso nikaitia chini ya kitanda. Tangu hapo hata ndoto zikanigeuka. Nikifumba macho tu naona nyumba ya kwetu, na chumba cha pili mwanamume anaongea, taratibu, kwa upole, na mimi siyashiki maneno. Nikisogea mlangoni ananyamaza. Nikafunga meza. Kwaya nikaiacha. Mlinitembelea, mkaleta unga na maombi, nami nikawaambia ni malaria. Haikuwa malaria.

Aliyenitoa huko ni jirani wa meza yangu, fundi mzee mwenye mdomo mchungu. Alikuja kunitafuta, akaiona leso. "Unaficha nini hapo, chupa ya chang'aa?" Nikamweleza yote. Akanitazama sana. "Wewe ni fundi wa wapi? Kufuta kwa haraka ni kuchana tu ile orodha ya mbele ya kitabu cha nyimbo. Kurasa bado ziko, ila zile ambazo mfumo mpya umeandika juu yake."

Nikaruka kutafuta waya wa kuiunganisha. Akaniwekea mkono begani. "Ngoja. Hiyo ni ya nani? Uliingia kwa watu mara ya kwanza bila kubisha. Unataka kuingia tena?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipogeuka.

Nilifika na ile diski kwa shosho asubuhi, nikamkuta anachambua mboga za managu, nyumba kimya. Nikapiga magoti nikamwambia kweli. Sitawadanganya kwamba alinikumbatia. Aliweka sufuria chini akasema, "Nilikuombea kila siku, na ulikuwa umenidanganya." Nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikachoka. Mwishowe akasema, "Fanyia hapa, nikikuona. Haitoki tena kwangu."

Nikafanyia hapo, kwenye meza yake ya chakula, siku nzima. Hadithi zilikuwa zaidi ya ishirini. Ikapatikana moja, nayo nusu. Nikabonyeza, na ile sauti ya chumba cha pili ikatoka. Mzee akakohoa, akacheka kidogo, akaanza na sungura. Sungura alipofika mtoni, ikakatika. Shosho alikuwa amefumba macho. Nami nikangoja kufukuzwa. Badala yake akaendelea yeye, kwa lugha yao, pale pale alipoachia mzee, mpaka sungura akavuka. Kisha akaniambia, "Hiyo mashine inaweza kunirekodi na mimi?"

Namshukuru yule jirani mwenye mdomo mchungu. Nawashukuru nyinyi, na unga wenu wa malaria ya uongo. Kama kuna wa kuchukua neno, achukue hili: kazi ya mkono ipe mashine ikusaidie, lakini neno "ndiyo" la mwenye mali usiliseme wewe kwa niaba yake. Na kuota, bado naota. Hilo mniombee.

Meza nilishaifungua, na wiki jana shosho alipanda ngazi zangu tena, kompyuta imekuwa nzito, na safari hii anataka mfumo mpya kweli. Hadithi zake mwenyewe tumezihifadhi mahali pawili. Sidii yangu siku hizi inajibu maswali yote isipokuwa moja. Hapo inasimama, inaandika: Mwenyewe amekubali? Nikamsogezea kiti abonyeze.

Akavaa miwani, akasoma, akabonyeza hapana. Mashine ikatulia, swali likabaki pale pale. Akangoja, nami nikangoja, maua yanaanguka huko nje, hakuna kilichofutwa. Akanitazama juu ya miwani.

"Sawa," akasema. "Sasa imepata adabu." Ndipo akabonyeza ndiyo.