Mzee Gibson Ruwa na Chaguo la Kadzo

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Miritini na wa Chaani, nanyi mliotoka bandarini na nguo zenu za kazi, sogeeni chini ya hema, nafasi ipo, maana karatasi hii ni ndefu kidogo na safari ya kwenda kuzika Mnyenzeni bado iko mbele yetu. Anayewasomea kwa niaba ya familia ni Nyale, mdogo wake marehemu, ambaye aliitwa kitandani pa kaka yake mwezi wa Januari mwaka huu wa 2025, akapewa kalamu na daftari, akaambiwa, "Nyale, usiniandike kama malaika, watu wa Chaani wananijua."

Marehemu Gibson Ruwa Mweri alizaliwa tarehe 14 Machi 1960, kijijini Mnyenzeni, Kinango, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mweri na Mama Mbeyu, wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia mwaka wa 1968 hadi 1974, akafaulu vizuri, akaingia sekondari mwaka uliofuata, lakini baba yetu alipofariki mwishoni mwa 1976, Gibson alikuwa amemaliza kidato cha pili tu, na hapo ndipo masomo yake yalipokomea. Hakulalamika, hiyo haikuwa tabia yake, ila nyumbani kwake mtoto aliyechana daftari alikiona cha mtema kuni.

Mwaka wa 1979 alishuka Chaani kwa mjomba wetu, akafanya vibarua vya kila namna, na mwaka wa 1986 akaajiriwa bandarini, upande wa Kipevu, kuwa karani wa kuhesabu makontena, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne mpaka alipostaafu Machi 2020, bila kukosea hesabu hata siku moja, au ndivyo alivyotuambia, na hakuna aliyethubutu kumkagua. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa takatifu na Roseline, ambaye sote twamwita Mama Menza, na Mungu akawajalia watoto watatu, Menza aliyezaliwa 1994, Kadzo aliyezaliwa 1999, na Cindy, kitinda mimba, aliyezaliwa 2004. Mwaka wa 2009 walihamia hapa Miritini, katika nyumba hii mnayoiona.

Sasa tunafika mahali ambapo mashangazi walitaka karatasi ipinduliwe haraka, nasi hatutaipindua, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza isomwe.

Kadzo alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2017 na kupata B plasi, nyumba ikachinja mbuzi, na ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya chuo kikuu, Aprili 2018, mtoto aliandika kwanza digrii ya usimamizi wa wanyamapori, kwa kuwa tangu utotoni hakuwa na hadithi nyingine. Baba yake hakumkataza. Lakini hakuridhika, aliogopa, maana shemeji yetu mmoja alikuwa amesomea utalii, hoteli yake ya Nyali ikafungwa, akaishia kuuza vinyago juani, na kule bandarini wenzake, msikatae, baadhi yenu mko hapa, walikuwa wakimtania kila asubuhi kwamba atamsomesha binti miaka minne ili aende akalinde nyani. Mwenyewe alikuwa akiwaona maafisa wa ununuzi wakipita na tai zao, wakiingia ofisi zao za baridi kali, na moyo wake ukamwambia kwamba huko ndiko kwenye mkate.

Basi siku ya Alhamisi, tarehe 26 Aprili 2018, alivaa shati lake la kanisani, akatoa cheti cha kuzaliwa cha Kadzo sandukuni, kwani namba ya cheti ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kuingilia kwenye ule mtandao wa kuchagulia vyuo, akaenda saiba moja ya Magongo, duka la kompyuta za kukodi, akamwomba kijana wa pale aondoe wanyamapori na kuweka ununuzi na ugavi. Alirudi nyumbani, akarudisha cheti mahali pake, akala chakula chake, asiseme neno kwa mtu yeyote, hata kwa Mama Menza, ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kufichwa jambo katika nyumba hii zaidi ya siku mbili.

Majibu yalipotoka, Kadzo akaitwa ununuzi na ugavi, alilia siku nzima, mama yake akambembeleza kwamba labda nafasi za wanyamapori zilijaa, labda alama hazikutosha, na marehemu alikuwa ameketi papo hapo, anasikia, anatazama sakafu. Mwezi wa Septemba mtoto akapanda kwenda chuo kikuu cha bara, akaanza kusoma yale ambayo hakuyaomba.

Mungu naye ana njia zake. Mwanzoni mwa Novemba 2018, kontena moja lililoandikwa kwamba limebeba korosho lilifunguliwa pale Kipevu mbele ya marehemu, na nyuma ya magunia yakapatikana magamba ya kakakuona, yamefungwa vizuri utadhani samaki mkavu, na maafisa wa wanyamapori waliokuja kuyakagua waliongozwa na dada mmoja wa Kisauni, Bi Salme, ambaye leo yuko nasi, ameketi pale karibu na akina mama wa kanisa. Marehemu alisimama kutwa nzima akimwandikia hesabu, akamwona dada huyu akigeuza gamba moja mkononi na kueleza limetoka kwa mnyama wa aina gani na wa pande zipi, na wakuu wote wenye tai wakimsikiliza, na jioni kabla ya kuachana akamuuliza alisomea nini, na kama kazi yenyewe inalisha mtu.

Bi Salme hakumficha. Alimweleza kwamba watu huitaja kazi hii kana kwamba ni moja, kumbe ni nyingi, kwamba anayetaka kusimamia hifadhi na kuketi na wanakijiji wanaoishi kando yake husomea usimamizi wa wanyamapori, anayetaka kuwatibu wanyama husomea uganga wa mifugo na ajiandae kwa miaka mingi zaidi, anayetaka utafiti na maabara kama yeye husomea biolojia, na hata wanasheria na wachora ramani wana nafasi yao, na kwamba kazi si rahisi kupatikana, wengine hukaa mwaka, wengine miwili, wakijitolea kwanza. Kisha akamwambia neno ambalo marehemu alilinukuu mpaka tukalichoka: "Mzee wangu, apendaye wanyama tu na afuge paka. Kazi hii yataka mtu apendaye kuhesabu, kuandika na kusikizana na watu."

Marehemu aliyaandika yote katika daftari lake la kazini, na kuanzia siku hiyo hakuwa na raha. Kuhesabu, kuandika na kusikizana na watu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, na kumbe ndiyo aliyomnyima mtoto.

Ijumaa ya tarehe 18 Januari 2019, aliposikia kwamba wanafunzi wanaruhusiwa kuomba kuhamia masomo mengine, alipanda treni ya asubuhi hapo stesheni yetu ya Miritini, treni aliyoisikia ikilia kila siku asiipande, akaenda mpaka chuoni, akamkuta Kadzo nje ya maktaba, na kabla hata ya kupewa maji akamwambia, "Kadzo, si alama zako zilizokunyima. Ni mkono wangu huu. Nisamehe, mwanangu." Wazee wangu, kwetu sisi mtoto ndiye aombaye radhi kwa mzazi, na hapa mzazi mzima wa miaka hamsini na minane, amesimama kati ya watoto wa watu, anaomba radhi kwa bintiye. Kadzo akalipokea lile daftari la kazini alilomletea, akasema, "Nimesikia, Baba," kisha akamsindikiza mpaka stendi.

Mtoto aliyasoma yale maandishi, akayapima na nafsi yake, na hata ile digrii aliyoiomba mwanzo hakuirudia, alihamia biolojia ya uhifadhi, kwa kuwa aliona kwamba yeye ni mtu wa kufuatilia na kuandika kuliko mtu wa kusimamia wengine. Aliianza upya Septemba 2019, korona ikamchelewesha, akahitimu mwishoni mwa 2023, akajitolea miezi kumi, na leo ameajiriwa kule Kwale, kazi yake ni kuwahesabu mbega katika misitu ya kaya, ile mitakatifu ya wazee wetu, na kuzungumza na watu wanaoishi jirani na misitu hiyo. Marehemu alimtangaza mtaa mzima, aliwahi hata kumsimamisha muuza maji akiwa na mkokoteni wake ili amweleze mbega ni mnyama gani. Lakini sisi wa karibu tulijua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, kwa sababu "nimesikia" si "nimekusamehe", na marehemu aliisubiri tofauti hiyo kwa miaka sita, hakumlazimisha mtoto, hakumtuma mtu.

Marehemu alikuwa akiugua kisukari tangu mwaka wa 2015, na Agosti 2023 figo zake zikaanza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, Menza akimpeleka Jumatatu na Cindy Alhamisi, naye mgonjwa akimhesabia kila muuguzi dakika za mashine. Mwezi wa Januari mwaka huu hali ikawa mbaya, akalazwa, akamwita Nyale na kusema aliyoyasema.

Jumapili ya tarehe 2 Februari, baada ya ibada, Kadzo alikuja kutoka Kwale, akaketi kando ya kitanda, Mama Menza na Nyale wakiwapo, na baba yake akamuuliza kwa sauti ndogo kama bado ana kinyongo. Kadzo alilia kwanza. Kisha akasema, na haya ameyaandika kwa mkono wake ili tusikosee:

"Baba, nilijua tangu siku ile ile. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu kwamba chaguo limebadilishwa, na mtandao ulikuwa wazi mpaka Jumapili. Nilikwenda saiba, nikafungua, nikakaa pale saa nzima, nikaliacha kama ulivyoliweka. Niliogopa kuliko wewe. Niliona ni rahisi nikulaumu wewe kuliko nichague mwenyewe nikakosea. Ulipokuja chuoni kuniomba radhi nilishindwa kusema, na kila mwaka ikawa ngumu zaidi. Mimi ndiye wa kuomba radhi."

Tulidhani atakasirika, na Mungu anajua Gibson alijua kukasirika. Alimtazama binti yake, akacheka kicheko kidogo kilichomletea kikohozi, akasema, "Kumbe tulikuwa wawili," akamwekea mkono kichwani na kumpa radhi zake zote, za mzazi, mbele ya mama yake. Alifariki Jumanne ya tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, Kadzo akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia hesabu zake, inawashukuru majirani wa Miritini mliolala hapa na sisi siku zote hizi, akina mama wa kanisa, wenzake wa Kipevu waliokuja na kontena zima la utani hata msibani, na Bi Salme, ambaye hakujua siku ile anamjibu nani. Nanyi vijana mnaochagua masomo mwaka huu, Kadzo ameomba mwambiwe, waulizeni wanaoifanya hiyo kazi, na kama mnaogopa, semeni kwa wazazi wenu kwamba mnaogopa, nao wazazi wawaambie vivyo hivyo.

Kaka, ulitaka yasomwe na yamesomwa, ile miaka sita uliyoibeba peke yako sasa tunaibeba sote tulioketi hapa, na binti yako anakulilia bila deni la neno. Pumzika kwa amani, Gibson.