Mama Taratibu na Mwaka Aliomfundisha Baba Kuendesha Gari

Marehemu, ambaye wanafunzi wa vizazi viwili walimjua kwa jina la Mama Taratibu, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba seremala na mama mkunga. Dada yake, ambaye yupo hapa leo na ambaye watoto wa marehemu wanamwita mama mkubwa, anaapa kwamba neno la kwanza la mdogo wake halikuwa mama wala baba, bali "piii!", honi ya lori. Mama mkubwa hutia chumvi, wote tunamjua, lakini kwa hilo hajawahi kurudi nyuma.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya njia panda. Alichelewa karibu kila siku, kwa sababu alisimama hapo kutazama malori yakikata kona. Barua iliyopelekwa nyumbani ilitaja kosa lake kuwa ni "kuongoza magari bila ruhusa". Alimaliza kidato cha nne mwaka 1972 akiwa wa kwanza darasani katika jiografia. Hesabu tuziache zilivyo.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuosha magari katika yadi ya mabasi ya shule ya wasichana. Udereva alijifunzia humo humo, kwa kuyasogeza mabasi kutoka kwenye bomba la maji hadi chini ya paa, mita arobaini kwenda, mita arobaini kurudi. Alipata leseni mwaka 1979, na Jumatatu tarehe 7 Januari 1980 akakabidhiwa basi lake la kwanza. Aliendesha mabasi ya shule hiyo hadi alipostaafu tarehe 29 Novemba 2013, bila kukwaruza hata saitimira, kile kioo cha pembeni. "Taratibu!" ndilo neno alilolipaza mlangoni kila asubuhi wasichana walipoanza kusukumana. Aliwaambia pia madereva wa malori, na siku moja alimwambia mkaguzi wa elimu.

Baba, aliyekuja kuwa mumewe, alikutana naye hospitalini. Ilikuwa mwaka huo wa 1974. Marehemu aliteleza kwenye sabuni ya kuoshea basi akavunjika mkono, akalazwa. Baba alikuwa mpishi wa jiko la hospitali. Uji ulipoletwa, mgonjwa alionja kijiko kimoja akaurudisha na ujumbe: "Umepikwa na mtu asiyependa watu." Baba alitoka jikoni na mwiko mkononi kwenda kumwona huyo mwenye mdomo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1975. Walijaliwa pacha wa kiume mwaka 1977, na mwaka 1984 binti, kitinda mimba, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu na anaomba mumvumilie. Tangu pacha wazaliwe, wazazi waliitana Mama Pacha na Baba Pacha, na kitinda mimba hakuwahi kuulizwa anajisikiaje.

Sasa wasifu huu utakaa kidogo kwenye mwaka mmoja, wa mwisho, kwa sababu marehemu mwenyewe alisema ndio mwaka aliocheka kuliko yote.

Jumatatu tarehe 20 Februari 2023, baada ya kuhema kwa wiki kadhaa akipanda ngazi na kudai ngazi ndizo zilizoongezeka, alikubali kupimwa. Daktari aliyewapokea yeye na Baba alikuwa abiria wake wa zamani.

"Mama Taratibu," daktari alisema, "moyo wako umetanuka, umechoka, na hautapona. Unaweza kuzirai wakati wowote. Kuanzia leo usishike usukani."

Marehemu alimkazia macho. "Wewe si ndiye uliyetapika kwenye basi langu, safari ya makumbusho?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Mara mbili."

"Mara mbili, Mama. Na bado usishike usukani."

Ikawa pigo. Tangu kustaafu, marehemu ndiye aliyekuwa miguu ya nyumba ile. Walikuwa na gari dogo jeupe la mwaka 1998, na mbwa mzee wa kahawia aitwaye Abiria, aliyeokotwa yadini na asiyekubali kukaa popote ila kiti cha nyuma. Marehemu aliendesha, Abiria alitoa kichwa dirishani, na Baba alishika chupa ya chai. Bila mke wake Baba hakutoka, si sokoni wala kliniki. Huko jikoni alikotumikia miaka thelathini na nane, dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama ukuta.

Siku tatu baada ya kuonana na daktari, marehemu aliweka funguo za gari juu ya meza, mbele ya sahani ya Baba. "Jumamosi tunaanza."

"Tunaanza nini?"

"Usukani, Baba Pacha."

Baba alikuwa na miaka sabini na miwili. Hata baiskeli alikuwa akiisukuma.

Walijifunzia katika yadi ile ile ya mabasi, kila Jumamosi asubuhi, mlinzi akiwa amesimama nyuma ya mti kwa usalama wake. Siku ya kwanza Abiria alipanda kama kawaida, akazungushwa yadi mara moja, gari likaruka kama chura na kuzima. Mlango ulipofunguliwa alishuka, akashika njia kwenda nyumbani kwa miguu. Kelele zilisikika hadi ofisi za shule.

"Mama Pacha, mimi nimewapikia wagonjwa mia tatu kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifokea hivi!"

"Wale walikuwa wagonjwa, hawakuwa na nguvu! Achia klachi taratibu! Fikiria maziwa jikoni. Ukigeuza kichwa tu, yamefurika."

Hapo Baba alielewa, na gari likaondoka.

Mtihani wa kwanza, Ijumaa tarehe 12 Mei, Baba alisimama nyuma ya lori akingoja lisogee. Alilingoja, kama anavyopenda kusema, kwa adabu. Dakika kumi na moja zilipita kabla mtahini hajamwambia kwamba lori lile limeegeshwa na dereva wake anakula ng'ambo ya barabara. Mtihani wa pili, tarehe 14 Julai, aliendesha vizuri kabisa, ila mtahini aliona kwamba kila kona kuna mama mmoja amejibanza kwenye uzio, anaonyesha vidole: kimoja gia ya kwanza, viwili gia ya pili. Marehemu alikuwa amepanda pikipiki ya kukodi kuwatangulia, yeye na moyo wake uliotanuka! Baba akaanguka tena, kwa kosa la kusaidiwa.

Jioni hiyo Baba alitia kile kibao cha L, cha dereva mwanafunzi, kwenye droo ya visu. "Basi tena," alisema. "Tutapanda mabasi, Mama Pacha. Watu wote wanapanda mabasi. Kama unataka kwenda kwa dada yako, nitakubebea mkoba."

Kitinda mimba alikuwa akiosha vyombo, na hakutia pamba masikioni. Alisikia kiti kikivutwa, kisha sauti ya mama yake, ya chini, ambayo si yake kabisa.

"Hivi unadhani nakufundisha ili unipeleke mimi? Mimi nitaondoka, Baba Pacha. Daktari amesema, na wewe ulikuwepo. Ninachoogopa si kufa. Naogopa watoto watakuja mwisho wa mwezi wakukute umekaa kwenye hicho kiti, mapazia yamefungwa, chai imepoa mbele yako. Mwaka wa kwanza hivyo, mwaka wa pili hivyo. Nani atakutoa humu ndani?"

 Droo ya visu ikafunguliwa.

Tarehe 1 Septemba 2023 marehemu alibaki nyumbani, kwa amri, akakaa kwenye ngazi na Abiria miguuni. Saa tano na nusu gari jeupe liliingia getini, Baba ndani, amekaa wima kama waziri. Alikuwa amefaulu. Marehemu alipiga vigelegele hadi jirani akatoka na taulo. Abiria alizunguka gari, akanusa tairi zote nne, kisha akapanda.

Tarehe 7 Oktoba walikwenda kwa mama mkubwa, kilomita mia nne na kumi, kwa saa kumi, maana Baba naye sasa ni taratibu. Mama mkubwa ana magoti mabovu, hawezi kupanda basi. Dada hawa walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Njia hiyo marehemu aliipita mara nyingi na mabasi ya ziara, lakini macho yake yalikuwa mbele. Safari hii alikaa kiti cha abiria, akaegemea kioo cha dirisha. "Lo! Kumbe hapa kuna ziwa? Baba Pacha, kuna ziwa zima! Nani kaliweka?" Mama mkubwa alipoambiwa nani aliyeendesha, alikataa hadi alipoonyeshwa leseni. Walikaa siku kumi na moja, dada wawili wakicheka kitanda kimoja kama wasichana. Novemba walikwenda kumwona mjukuu mpya, Desemba kwa pacha wa pili.

Januari miguu ilianza kuvimba, na tarehe 6 Februari alilazwa katika hospitali ile ile. Baba alimpelekea uji kila asubuhi, na marehemu alikiri kwamba sasa unapikwa na mtu anayependa watu. Alifariki Jumanne tarehe 27 Februari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Baba akimshika mkono, akiwa amebakisha siku kumi na sita kutimiza miaka sabini na mmoja. Tumelia sana. Tunalia bado.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja, mbwa mmoja, na wasichana wengi, wengine sasa ni bibi, ambao kila mmoja anaamini alikuwa akipendwa kuliko wenzake.

Jumatano asubuhi pacha walikuwa bado wanabishana nani akamlete mama mkubwa mazishini, simu ikalia. Alikuwa Baba, kutoka kituo cha mafuta, ameshamaliza nusu ya njia. Alikuwa peke yake na Abiria. Alhamisi alirudi, mama mkubwa amefungwa mkanda kiti cha mbele. Kesho anamrudisha. Watoto walimsihi apumzike kwanza, wao watamrudisha. Alikataa katakata.

"Mama yenu hakunifundisha ili niegeshe," alisema. "Na nikitoka huko nitarudi kwa ile njia nyingine. Ile sijaiona."

Pumzika salama, Mama. Baba hatakaa ndani.