Pembe Nne za Taco ya LaVonne

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la mbegu na mbolea, chini ya maghala ya mahindi, katika mji wetu huu wa Minnesota wenye watu mia nne na ushee. Mvua imenyesha siku tisa mfululizo, mashamba ni tope tupu, matrekta yamelala, na sisi wazee tumechoka hata kulalamika. Chupa ya kahawa ni yangu. Kulia kwangu hukaa Dizeli, aliyeendesha basi la shule mpaka mgongo ukagoma. Kushoto hukaa Hakimu, ambaye sheria hajaisoma. Aliitwa mahakamani siku moja tu kusikiliza kesi ya ng'ombe, na tangu hapo hajashuka kitini. Jana asubuhi akaja Spana, fundi wa mashine wa mji mzima, jina lake hasa Verlyn. Mkewe, LaVonne, tulimzika Januari. Spana alibeba mfuko, akatoa nyama ya kusaga, jibini, pakiti ya viungo vya taco, kile chakula cha Kimeksiko cha kukunjwa kwenye chapati ya mahindi, na lile kopo la karatasi lenye unga uliokandwa tayari, akavipanga benchini kama vipuri vya injini. Alionekana hajalala.

— Jumapili ni chakula cha kanisa, alisema. Akina mama wameniambia nisihangaike, watapika wao. Nimewajibu nitaleta taco ya LaVonne.

— Wewe? Dizeli akashtuka. Wewe uliyeunguza supu ya kopo?

— Miaka thelathini na moja trei yake haijakosa pale mezani, na mwaka huu haikosi. Nataka iwe ileile, mtu akionja tu ajue ni yake. Ila hakuandika popote. Nyie mmeila, niambieni.

Nikawamiminia kahawa. Hakimu akakohoa, maana yake kikao kimeanza.

— Mbona rahisi! Unafungua kopo, unatandaza unga kwenye trei, unamwaga nyama, jibini juu, ovenini. Nusu saa kazi imekwisha.

— Na kopo nalifunguaje?

— Unaligonga kwenye ukingo wa meza. Linapasuka lenyewe.

— Usimsikilize huyo, alisema Dizeli. Shemeji yangu kule Fargo aligonga hivyohivyo, mkewe akadhani ni bunduki, akaingia uvunguni mpaka adhuhuri.

— Acha fiksi, Dizeli.

— Mpaka adhuhuri nakwambia! Na mbwa hajarudi hadi leo.

— Yule mbwa alikufa kwa uzee, nilikuwepo, alisema Hakimu. Ninachojua mimi, ule unga haujafa mle ndani. Unapumua. Unadhani kwa nini wanauweka kwenye friji? Wanaogopa utatambaa dukani.

Spana alijipangusa uso kwa viganja viwili.

— Jamani, nimechoka. Ndani ya nyama kulikuwa na nini?

— Zeituni nyeusi, alisema Dizeli. Tele.

— Zeituni! Hakimu akaruka. Mimi zeituni siigusi, na ile taco nilikuwa naramba sahani. Yalikuwa mahindi matamu.

— Nyie mmezeeka vibaya, alisema Spana. Si zeituni wala mahindi. Ni pilipili za kijani, zile zinazochoma. Mume ni nani hapa?

— Mume gani hujui hata mkeo anapika nini?

— Dizeli! Hakimu akamkemea.

— Basi, basi. Nisamehe, ndugu yangu. Lakini zeituni zilikuwemo.

— Nimeshaelewa, alisema Hakimu. Ni wale Walutheri wa mji wa pili. Walikuwa wanabadilisha trei kule jikoni. Hiyo ni njama ya miaka thelathini.

Hakuna aliyecheka. Spana alianza kurudisha vitu mfukoni, kimoja kimoja.

— Siwezi, alisema. Nitamwambia mchungaji naumwa.

Iliniuma kumwona hivyo, mtu aliyewahi kufufua trekta langu gizani kwa waya wa uzio. Ndipo akafika Graciela, mama mpya wa kusambaza barua, mzaliwa wa Meksiko, wiki yake ya pili mjini kwetu. Nikampa kikombe.

— Mnapika nini, wazee wangu?

— Taco, alisema Dizeli.

Akalitazama kopo la unga, akatutazama sisi.

— Haya, alisema.

Tukamweleza ugomvi wote, kila mtu na chake. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

— Nani alikuwa anawapakulia?

— LaVonne mwenyewe, alisema Hakimu. Mimi nafika tu, ananikatia pembe ya trei.

— Hata mimi pembeni, alisema Dizeli.

Spana aliuweka mfuko chini.

— Na mimi pembeni, alisema.

Mimi nilikuwa nakula ya katikati, nyama na jibini basi, kwa kuwa sina maneno. Dizeli akaweka kikombe chini. Trei moja, vyakula vitatu, kwa ajili ya wazee watatu wanaochagua chagua, na miaka yote hiyo hatukujua. Spana akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu Januari, huku machozi yanamtoka.

— Basi inawezekana! Zeituni hapa, mahindi pale, pilipili huku. Inawezekana kabisa!

— Na pembe ya nne? aliuliza Graciela. Ilikuwa na nini?

— Hiyo haikuwa na kitu, mama. Hiyo huwa inaungua. Oveni yetu inaunguza nyuma, upande wa kushoto. Nilimwambia nitaitengeneza, tangu watoto walipokuwa shule. Kila siku mashine ya mtu, mashine ya mtu...



— Na nani alikuwa anaila? aliuliza Graciela.

Hakuna kati yetu aliyewahi kupakuliwa pembe iliyoungua. Dizeli alitazama matope. Hakimu alitazama viatu vyake. Spana alilishika lile kopo kwa mikono miwili. Nikachukua chupa niwaongezee kahawa, nikakuta imekwisha.