Wageni wa Tumbo la Papa Désiré

Kijiwe cha Kabondo kiko mbele ya karakana ya baiskeli, penye benchi moja na birika la kahawa la Mama Khadija. Asubuhi ile Papa Désiré, mwenye miaka sabini na minne, hakuwa na raha. Jumamosi mjukuu wake Benie anaolewa, na yeye ndiye wa kufungua dansi naye. Lakini miguu ilikuwa ikimtetemeka. Mfukoni alikuwa na mizizi ya kusafishia tumbo, dawa yake ya kila Ijumaa.

— Tupa ile lavement, Papa! alisema Yakubu, fundi anayeitwa Docteur kwa sababu hutibu matairi. Infirmière wa hospitali alisema mu radio: mu tumbo ya muzee muko microbe mingi ya muzuri. Inamusaidia asichoke upesi.

— Microbe inasaidia mutu? Eddy, aitwaye Ministre ingawa hajawahi kupata cheo, alicheka hadi kahawa ikamwagika. Alors mi niko na serikali muzima humu!

— Voilà! Kuko ministre ya majani ya sombe, ministre ya maharagi…

— Na opposition?

— Ni ile inapigaka kelele ukisha kula.

Désiré hakucheka. Aliogopa kuanguka mbele ya wakwe.

— Docteur, kama iko muzuri, juu ya nini miguu yangu inatetemeka?

— Juu unabafukuza kila vendredi! Banafika, banapanga vitanda, we unabaletea mafuriko.

— Bongo, uongo mutupu! alisema Ministre. Yangu mi ni ya Isangi, ku mutoni, inajua kuogelea. Lavement haibawezi!

Ndipo akatokea Mama Hélène, dada mkubwa wa Désiré, miaka themanini na mmoja, kwa miguu kutoka mtaa wa mbali wa Tshopo, beseni la kwanga, mikate ya muhogo uliochachushwa, kichwani. Hata kuhema hakuhema. Kelele zao alikuwa amezisikia tangu kwenye kona.

— Désiré, alisema akitua beseni, bale batu ya mu tumbo yako, miaka arobaini unabafukuza. Balikukosea nini?

Docteur akakagua spoki. Ministre akachungulia kikombe kitupu. Désiré alitafuta kosa, hata dogo tu, asilipate. Akatoa ile mizizi mfukoni, akaitupa mtaroni, na furaha ikamjaa kama mtoto aliyefutiwa adhabu.

— Yaya, dada yangu, nipe kwanga. Ile ilichacha muzuri.

Akafungua majani, akamega tonge kubwa, kisha akajipapasa tumbo kwa heshima, akiwaambia wageni waliomo:

— Bon, murudie ku nyumba. Samedi, ku ndoa ya Benie, tutacheza bote.