Bi Zamda na Mji wa Puge

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi na fumbo. Tunaanza na jibu. Jibu hili limekaa katika kabati la studio hii miaka minane, ndani ya bahasha iliyobandikwa gundi. Aliyeliandika ni Bi Zamda Abbasi wa Gongoni, hapa Tabora mjini. Bi Zamda alifariki Jumatano ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Alizaliwa Gongoni, akaolewa Gongoni, amezikwa hapa hapa Tabora. Alisoma hadi darasa la saba. Alishona kofia za mkono, zile zenye matundu, na kofia moja ilimchukua wiki sita. Mafumbo ya vina aliyatunga akiwa na sindano mkononi. Alihesabu mizani kwa kugonga meza kwa kidole: mara nane, kituo, mara nane. Mstari ukizidi mizani moja, aliufumua kama uzi.

Alianza kutuletea mafumbo mwaka 1998. Kanuni za kipindi mnazijua, lakini tuzirudie. Mwenye fumbo huleta shairi, pamoja na jibu ndani ya bahasha. Mfumbuaji hupiga simu, ana nafasi mbili. Akishindwa, anatoa mji, kama tulivyofanya utotoni kwenye vitendawili. Mwenye fumbo akishapewa mji, anauingia kwa maneno, anajitapa alivyopokelewa, kisha anataja jibu. Bila mji, hakuna jibu.

Mshindani wake alikuwa Bwana Mhoja Ngollo, mkulima wa Puge, wilaya ya Nzega. Baadhi yenu mlidhani ule ulikuwa utani. Haukuwa utani. Watu hawa wawili hawakupendana.

Chanzo kinajulikana. Mwaka 2009 Bwana Mhoja alitunga fumbo la beti nne. Alitamba kwamba litakaa mwezi mzima. Bi Zamda alilifumbua kabla mwenyewe hajamaliza kusoma ubeti wa pili, hewani, watu wakisikia. Tangu siku hiyo Bwana Mhoja alisema mafumbo ya Bi Zamda si yake.

"Mwanamke wa darasa la saba hapangi vina namna ile," alisema kwenye simu. "Marehemu mumewe alikuwa mwalimu. Amemwachia daftari."

Bi Zamda alijibu Jumamosi iliyofuata. "Marehemu Majidi alikuwa hajui kuhesabu mizani hata kidogo. Nilimpenda kwa mengine."

Bwana Mhoja alishindwa mafumbo yake mara saba. Mara saba alitoa mji. Alitoa Ujiji. Alitoa Bagamoyo. Alitoa Isikizya. Njia yote ya misafara ya zamani aliigawa, isipokuwa kwake.

"Unanipa miji ya watu," Bi Zamda alimwambia. "Nipe wako. Nipe Puge."

"Mshona kofia hapewi Puge."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye jambo. Machi 2016 Bi Zamda alileta fumbo hili:

Nina jino langu moja, nauma wala simezi,
Kila masika yakija, wenyewe hunipa kazi,
Nalisha watu pamoja, na sijaonja mchuzi,
Mwaka wapita, na waja, nafupika bila wizi.

Bwana Mhoja alipiga simu. Jibu lake la kwanza: sindano. La pili: kalamu ya risasi. Yote mawili si sahihi. Aliulizwa sababu. Alisema, "Mtu wa mjini atajua nini zaidi ya vitu vya mezani kwake?"

Akatakiwa kutoa mji. Akasema, "Nampa Gongoni. Atoke mlangoni, arudi ndani."

Huko ni kumpa mtu kitanda chake mwenyewe na kudai umemkaribisha. Bi Zamda aliukataa mji huo, na kanuni ilimruhusu: mtu hapewi mji wake mwenyewe. Jibu halikutajwa. Bahasha ikabaki kabatini.

Bwana Mhoja akapata la kusema. Alisema fumbo lile halina jibu. Alisema kwenye minada ya ng'ombe, alisema misibani, alisema hapa redioni: bahasha ina karatasi nyeupe. Mwaka 2019 tulipokea barua kumi na tisa za kumpinga Bi Zamda. Kumi na moja zilikuwa na mwandiko mmoja. Hata hivyo kituo hiki kilisimamisha mafumbo yake kwa miezi minne. Lilikuwa kosa, na ni letu.

Tulimwomba ruhusa tufungue bahasha ili jina lake lisafishike. Alikuja hadi mapokezi, akakataa.

"Mkiifungua bila mji, mtakuwa mmenipa sadaka," alisema. "Mimi sikuomba sadaka. Nimeomba Puge."

Na Bwana Mhoja alipomwita debe tupu, Bi Zamda alisema maneno ambayo wengi wenu bado mnayakumbuka: "Debe tupu ndilo livumalo, Mhoja. La kwangu limenyamaza. Jiulize kwa nini."

Bi Zamda aliugua moyo tangu mwaka jana. Binti yake, Najiat, anasema mama hakuwahi kulitaja jibu hata nyumbani. "Nilimuuliza akiwa hospitalini. Akaniambia, 'Una mji? Huna. Lala.'"

Siku ya tatu ya msiba Bwana Mhoja alifika Gongoni kwa basi. Najiat alimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akakataa kiti, akakataa chai.

"Binti, pole," alisema. "Mama yako alidai Puge miaka minane. Leo naitoa. Chukua. Bahasha ifunguliwe, watu waone karatasi nyeupe, tumalize."

"Unaitoa mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote hawa."

"Nimeipokea," alisema Najiat.

Bahasha ilifunguliwa juzi, katika studio hii, wote wawili wakiwapo. Gundi ilikuwa nzima. Sahihi ya Bi Zamda ilikuwa juu ya mkunjo. Ndani kulikuwa na karatasi moja, yenye tarehe ile ile ya Machi 2016. Najiat alisoma. Tunayarudia maneno kama yalivyo:

"Nimepewa Puge. Nimeingia asubuhi, sikukuta mtu nyumbani, wote wako shambani. Nimemkuta Mhoja analima karanga. Nimemsalimu. Hakuniona, ameinama. Anacholimia kimelika, kimebaki upana wa kiganja. Jibu ni jembe. Amelishika."

Bwana Mhoja aliomba karatasi. Aliisoma mwenyewe, mara mbili. Mikono yake ina sugu. Hilo sote tuliliona. Kisha akasema, "Machi kuna tope. Puge haiingiliki asubuhi."

"Ameshaingia," alisema Najiat.

Bwana Mhoja aliweka karatasi mezani, akavaa kofia yake, akaondoka. Hakuomba radhi, nasi hatutamsemea.

Wasikilizaji wapendwa, ukweli umethibitika. Fumbo la Bi Zamda Abbasi lilikuwa na jibu. Lilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Kwa familia yake, kwa Najiat, na kwa majirani wa Gongoni, tunatoa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nanyi mliotuandikia zile barua nane nyingine, kila mmoja kwa mwandiko wake, tunawaomba mzitafakari kidogo. Na kila atakayetaka kusema fumbo la mwenzake ni tupu, kwanza atazame alichoshika mkononi.