Magari Matatu ya Benchi la Dirishani

Siku ya Jumanne, tarehe 26 Januari 1999, saa tatu na nusu asubuhi, kipimajoto cha kituo cha mafuta cha Kuikkaperä, kijiji cha kaskazini ya mbali, kilionyesha nyuzi arobaini na moja chini ya sifuri, na benchi la dirishani lilikuwa limekwisha kupata wenyewe. Alikuwapo Reijo, aitwaye Plagi kwa ajili ya miezi miwili aliyofanya kazi gereji mwaka 1963. Alikuwapo Kalervo, aitwaye Kipimajoto, ambaye tangu tarehe 1 Novemba 1966 huandika daftarini baridi ya kila asubuhi. Na alikuwapo Sulo, aitwaye Askofu, ambaye hajakanyaga kanisani tangu kipaimara chake lakini hakuna jambo asilolikatia hukumu. Nje, magari yao matatu yalinguruma bila watu ndani, kama ilivyo desturi ya baridi ya namna hiyo: azimaye injini hurudi nyumbani kwa miguu.

Oiva Hautala, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, alikuja kwa miguu. Saa mbili alikuwa amepigiwa simu kutoka hospitali ya mkoa kwamba mkewe, Sylvi, amezidiwa, na kwamba akitaka kumkuta afike kabla ya saa sita. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari kwenye barafu. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha kupita, teksi pekee ya kijiji ilikuwa safarini, na gari lake la mwaka 1978 lilikuwa limekohoa mara nne uani na kunyamaza. Aliwaachia wauguzi nambari ya simu ya kaunta ya kituo cha mafuta, akavaa kofia yake ya manyoya, akatoka.

— Plagi, una nyaya za kubusti betri? Langu limegoma. Sylvi kazidiwa, naitwa.

— Pole sana, mwenzangu, alisema Plagi, akimsogezea kikombe. Nyaya ninazo. Lakini kaa kwanza. Kubusti gari bila kujua ugonjwa wake ni kumdunga mtu sindano gizani. Limeliaje?

— Nye-nye-nye, halafu tik.

— Hiyo tik ni plagi zimelowa.

— Plagi ziko kichwani mwako! alidakia Kipimajoto. Hiyo ni betri. Tarehe 5 Februari 1985, nyuzi arobaini na tatu, betri kumi na moja zilikufa kijiji hiki hiki. Ninayo kwenye daftari.

— Daftari lako liliwahi kuwasha gari la nani?

— Na gereji yako ilikufukuza kwa nini?

Aune, mwenye kaunta, aliwamiminia kahawa, akaweka sahani ya mikate mitamu ya iliki. Oiva alikaa ukingoni mwa benchi, glavu mkononi. Hakutaka kahawa, lakini huko kwao kikombe kilichomiminwa hakikataliwi.

— Hizo nyaya, Plagi. Ziko garini?

— Ziko. Haraka haraka haina baraka, Oiva. Oili uliweka lini?

— Septemba.

— Ya majira gani?

— Ya siku zote.

— Basi ndiyo hiyo! alisema Askofu, akipiga meza. Oili ya kiangazi kwenye baridi hii ni asali ya mwaka jana. Stata itazungusha nini? Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

— Sasa hapo jua liko wapi, Askofu? Hata halijachomoza.

— Ndiyo maana analia.

Kipimajoto alikunywa kahawa sahanini, kipande cha sukari kikiwa katikati ya meno, akatikisa kichwa.

— Si oili. Ni maji kwenye petroli. Yameganda kwenye mpira wa petroli. Humu kituoni wamebadilisha tangi mwezi wa kumi, tarehe 19.

— Kalervo! alifoka Aune. Ukitukana petroli yangu, utalipa kahawa ya watu wote.

— Basi si petroli. Ni zile taa za mbinguni, mianga ya kaskazini. Usiku wa jana ziliwaka kijani mpaka saa tisa. Zile hula umeme. Zinanyonya betri kutoka juu, kama mtoto na titi.

— Zimenyonya ya Oiva tu, yako zikaipita? aliuliza Plagi.

— Yangu ilikuwa bandani.

Oiva aliitazama saa ya ukutani: saa nne na dakika tano. Aliujua ugonjwa wa gari lake, na aliujua tangu asubuhi, alipoitazama nguzo fupi ya soketi ya umeme iliyo uani. Kila jioni ya baridi, saa tatu kamili, tangu waliponunua gari hilo mwaka 1981, ni Sylvi aliyetoka na koti juu ya gauni la kulalia, akachomeka waya wa hita ya injini, ile inayoipasha joto usiku kucha ili iwake asubuhi, akarudi akipuliza vidole. Oiva hakuwahi kuigusa kazi hiyo. Sylvi alipelekwa hospitali tarehe 11 ya mwezi huo, na tangu siku hiyo waya ulining'inia nguzoni, umevikwa barafu. Kulisema hilo mbele ya benchi ilikuwa ni kusema jambo jingine, nalo hakuwa tayari kulisema.

Wala hakuweza kusema lile la pili: nipelekeni. Mtu wa Kuikkaperä haombi kubebwa. Na asiyeombwa habebi, kwa maana kumbeba asiyeomba ni kumwambia usoni kwamba umeuona unyonge wake. Basi yeye alingoja waseme, nao walingoja aombe, na kahawa ikamiminwa mara ya tatu.

— Mimi nitawaambieni, alisema Askofu, akishusha sauti. Chuma kina kumbukumbu. Gari limemzoea mama mwenye nyumba. Mama hayupo, nalo limesusa.

Plagi alikohoa.

— Acha hizo, Sulo.

— Nasema tu.

Mlango ukafunguka, na mvuke ukaingia pamoja na mwanamke mwenye ovaroli ya buluu. Alikuwa Mervi, dereva mpya wa lori la maziwa, ambaye kijiji hakijui hata ni binti wa nani.

— Habari za asubuhi, wazee. Mbona mmenuna kama mko msibani?

— Gari la mwenzetu limegoma, binti, alisema Kipimajoto. Mkewe yuko hospitali ya mkoa, hali mbaya. Tunautafuta ugonjwa.

— Wa mke?

— Wa gari.

— Mmeanza saa ngapi?

— Saa tatu na nusu.

Mervi aliitazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Kisha akafuta kioo kwa kiganja na kutazama nje, mahali moshi mweupe ulipokuwa ukipanda wima.

— Na hayo matatu yanayonguruma hapo nje ni ya nani?

Askofu alitazama ndani ya kikombe chake. Kipimajoto alilifungua daftari, akalifunga. Plagi alisimama, akaivaa kofia kinyume, akaivua, akaivaa tena.

— Twende, Oiva. Langu lina joto.

Oiva alikuwa akipiga hesabu: saa nne na dakika arobaini, ukiongeza saa mbili. Akaanza kuvaa glavu ya kulia.

Ndipo simu ya kaunta ilipolia. Aune alikuwa hatua moja kutoka hapo, birika mkononi. Ikalia mara ya pili. Ikalia mara ya tatu. Nje injini tatu ziliendelea kunguruma, na ndani hakuna aliyenyoosha mkono.